Nyumba Isiyo na Chembe ya Sukari

Kaka yangu Jaafar akikupenda, jiandae. Mapenzi yake si ya kukuuliza unataka nini, ni ya kukuamulia. Ukimwambia una kikohozi atakuletea tangawizi ya kutosha mtaa mzima, na ataketi hapo hapo mpaka uimalize. Kwa hiyo binti yangu Twaiba alipotoka hospitali, nilijua kaka yangu atakuja na jambo lake. Sikujua tu kwamba jambo lenyewe litakuwa ni kusimama katikati ya jiko langu na kanzu yake nyeupe, kopo la sukari mkononi, kama mtu aliyemkamata mwizi.

"Hii itoke," akasema.

"Itoke iende wapi, Kaka?"

"Popote. Ndani ya nyumba hii haiingii tena sukari. Hata chembe."

Ikatoka. Na asali ikatoka. Tende zilizosalia tangu Ramadhani zikatoka, na chupa mbili za sharubati ya ukwaju, na kashata nilizokuwa nimemfichia mume wangu. Vyote nikampelekea jirani yangu Dama, ambaye alivipokea kwa huzuni ya mdomoni tu, maana macho yake yalikuwa yakicheka. Mimi, ambaye Bongwe nzima inanijua kwa mahamri, nikaacha mahamri nikashika viazi karai vya kukaanga, visivyohitaji sukari. Wateja wakauliza kulikoni. Nikawaambia mtoto anaugua sukari, na kila aliyesikia akatikisa kichwa na kuona nimefanya la maana.

Twaiba ana miaka kumi na mitano, yuko Kidato cha Pili katika shule ya kutwa ya wasichana, upande wa Ukunda. Mwezi wa tano alianza kunywa maji hata mtungi ukawa haukai na kitu. Akawa anaamka kwenda chooni mara nne kwa usiku mmoja, na akakonda mpaka sare ikamning'inia. Mimi mamake, Mungu anisamehe, nikadhani ni mapenzi. Nilimpekua begi nikitafuta barua ya mvulana, nikakuta daftari la fizikia na waya za redio. Asubuhi moja hakuamka. Babake, Twahir, akambeba mgongoni hadi barabarani, tukapata gari la kutufikisha hospitali ya Msambweni. Huko tukaambiwa mwili wake umeacha kutengeneza insulini, kitu ambacho sisi wengine tunajitengenezea wenyewe bila hata kujua. Atadungwa sindano asubuhi na jioni. Si kwa wiki moja wala mwezi mmoja. Maisha.

Nesi aliyetufundisha aliitwa Judy, msichana wa bara mwenye subira zake. "Mama, usilie sana," aliniambia. "Hii kitu ni ya kuzoea tu. Niko na watoto wengi hapa, wanaenda shule, wanacheza mpira, wako sawa." Mimi nilikuwa nikilia, kwa hiyo nilisikia nusu. Kaka yangu alikuwa kwenye simu akiutangazia ukoo, kwa hiyo alisikia robo. Aliyesikia yote ni mume wangu, na yeye alisikilizia sakafuni.

Nieleze. Twahir ni mkwezi wa minazi. Hupanda minazi ishirini kwa siku, mingine mirefu hata ukimtazama kutoka chini shingo inauma, na akiwa huko juu huimba. Lakini sindano! Nesi Judy alipoichomoa ya kwanza kwenye karatasi yake, mwanamume yule aliteleza ukutani taratibu mpaka akakaa chini. Ikabidi apepewe yeye kwanza. Kisha, akiwa pale pale chini, uso umemkauka, akaanza kuuliza maswali. Akauliza mara tatu tatu kila kitu, na Judy akamjibu mara tatu tatu.

Sasa mtu wa mbali ataniuliza: kama baba alisikia yote, mbona mjomba ndiye aliyekuwa akiamuru? Sisi Wadigo ndivyo tulivyokuta. Mtoto ana baba yake, na baba anaheshimiwa, lakini neno zito ni la mjomba, ndugu wa mama. Mengi yamebadilika, dini imesema yake na serikali imesema yake, ila katika ukoo wetu hili halijatoka. Na Jaafar hakujaliwa mtoto. Anaezeka makuti kwenye mahoteli ya Diani, anaishi Msambweni, na tangu Twaiba azaliwe kila riziki yake ina fungu la Twaiba. Viatu vya shule, ni yeye. Ile redio mbovu ya kufungua na kufunga, ni yeye. Kwa hiyo aliposema sukari itoke, ikatoka. Kisha akasema neno la pili.

"Shule ingoje. Atarudi akipona."

Twahir akakohoa. "Shemeji, nesi alisema ugonjwa huu haumaliziki, unatunzwa tu. Tena kuhusu sukari, alisema lazima nyumbani pawe na kidogo karibu, kwa ajili ya..."

"Sukari kwa mgonjwa wa sukari?" Jaafar akamkatiza, lakini kwa upole, maana hamkosei adabu shemeji yake hata siku moja. "Bwana Twahir, huko si kuzima moto kwa petroli?"

Twahir akanyamaza. Mume wangu ni mtu wa kunyamaza. Nami nikanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza, kwa hiyo kosa langu ni kubwa kuliko lake.

Hesabu yenyewe hata mtoto wa chekechea angeiona. Mtoto atarudi shule akipona, na ugonjwa hauponi. Twaiba aliiona siku ile ile. Alilia siku mbili, siku ya tatu akafanya kituko. Akaoga alfajiri, akavaa sare yake kamili, soksi na tai, akaketi barazani na begi mapajani. Wenzake wakapita wakienda shule.

"Twaiba, huendi?"

"Nangojea kupona," akawajibu.

Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Na kesho kutwa. Watu wakipita na kumsalimu, yeye huwaamkia vizuri, "Shikamoo," kisha akiulizwa anafanya nini hujibu kwamba anangojea kupona. Nikamwambia anatutia aibu. Akaniambia, "Mama, sukari haijanifunga miguu. Mmenifunga ninyi." Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli.

Na ajabu ni kwamba nyumba haikuwa na chembe ya sukari, na sukari ya Twaiba ilikuwa ikipanda. Kile kimashine cha kupimia kilitoa namba za kutisha. Anakaa tu, ananuna, leo anakula sana, kesho hagusi, usingizi hana. Nikampigia simu Nesi Judy. Akaniuliza, "Mama, huyu mtoto anashinda akifanya nini?" Nikamwambia anapumzika. Akasema, "Apumzike nini? Mrudishe shule, mama. Akitembea, akicheka na wenzake, hata dawa inafanya kazi vizuri." Nikamshukuru, nikakata simu, na maneno hayo sikumfikishia kaka yangu. Nilimwogopa, ndio. Ni kaka yangu mkubwa, na alinilea.

Wakati huo Twahir alikuwa akifanya mambo yake kimyakimya. Kila alasiri akishuka kwenye mnazi wake wa mwisho, badala ya kuja nyumbani alikwenda hadi lango la shule, kamba yake ya kukwelea begani, jasho limemkauka, akapewa na mwalimu wa darasa masomo ya siku ile. Jioni utamkuta barazani na binti yake, yeye ameshika kitabu juu chini, Twaiba akimfundisha fizikia. Nilimsikia mume wangu akisema, "Kumbe ndiyo maana nazi ikikatika haingoji!" na wote wawili wakaangua kicheko. Niliona wivu. Nilikuwa jikoni nikikaanga viazi, nikaona wivu wa wazi kabisa.

Na ile sindano? Mwanzoni Twaiba alikuwa akijidunga mwenyewe, babake ametazama pembeni. Alichuma papai bichi shambani kwa Dama, akaomba kwa Nesi Judy sindano za kujifunzia, akajaza maji. Mara ya kwanza alifumba macho yote mawili akakosa papai. Mara ya pili alifumba moja. Papai lile lilidungwa mpaka likaanza kuvuja, na wiki ya pili ilipofika Twaiba akamnyooshea mkono na kumwambia, "Bismillahi, Baba, mimi si papai, nitapiga kelele." Akamdunga vizuri. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akatapika. Tangu siku hiyo namba zote akawa anaandika yeye daftarini, kwa tarakimu kubwa kama za bango la duka.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba akaja Mwalimu Mwinga, mwalimu wa darasa lenyewe. Nikamkaribisha chai. Akaonja, akachungulia kikombe, akaonja tena, akakiweka chini kwa adabu.

"Mama Twaiba," akasema, "Jumatatu tunaanza mtihani wa muhula. Huu ndio tunaoutazama kuamua nani atachukua fizikia Kidato cha Tatu. Twaiba asipoufanya, sina alama za kumtetea nazo. Atapangiwa masomo mengine, na nitasikitika sana."

"Mwalimu, neno hilo liko kwa mjomba wake."

Mwinga ni mtu wa huku huku, hakuhitaji kuelezwa zaidi. "Basi aitwe mjomba. Mwambieni darasa zima nimelifundisha dalili zake. Glukosi iko kwenye droo yangu, na pakiti nyingine anayo kiranja. Akianza kutetemeka tu, wasichana arobaini wanajua la kufanya."

Aliyempigia simu kaka yangu jioni hiyo hakuwa mimi. Alikuwa Twahir. Kwa miaka kumi na sita ya ndoa yetu hajawahi kuitisha kikao hata kimoja, na sasa akasimama uani na kisimu chake sikioni akasema, "Shemeji, Jumamosi nakuomba tukae." Nilidhani nimesikia vibaya.

Jumamosi ikafika. Twaiba alidungwa saa moja asubuhi kama kawaida, lakini kwa wasiwasi wake alimega kipande kimoja tu cha muhogo akasema ameshiba. Nikamwachia. Nilijua pilau litakuwa tayari saa sita, na kikao ni saa nne, kitachukua nini, saa moja na nusu? Nilimsahau kaka yangu.

Kwetu chakula cha kikao hakipakuliwi mpaka kikao kifungwe kwa dua. Ukipakua kabla, ni kama kuwaambia wakubwa wameongea vya kutosha. Jaafar akaja na kanzu iliyopigwa pasi, akaketi kwenye mkeka, akaanza. Alianza na ukoo, tangu bibi wa bibi. Saa sita ikagonga, yuko kwenye ndoa ya wazazi wetu. Kila baada ya muda alisimama, akasema anatoka kidogo kukagua makuti ya jiko langu kama hayajaoza, akarudi akifuta ndevu, akaendelea. Harufu ya pilau ilikuwa imejaa uani. Twahir alijaribu kusema neno mara mbili, na mara mbili akaambiwa, "Nakuja huko, shemeji, nakuja huko."

Saa saba na nusu akafika alipokuwa akienda. Sauti ikambadilika.

"Mama yetu alianza kwa kidole cha mguu," akasema. "Kidonda kidogo hivi. Mwanafatuma, wewe ulikuwa mdogo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiosha. Kila siku naosha, na kila siku kinakwenda juu. Sukari ndiyo ilimla mama yetu, na mimi nilikuwa nikimchemshia chai tamu kwa mkono wangu huu kwa sababu aliipenda. Kwa mkono wangu huu. Halafu mtoto huyu naye. Ninyi mnaniambia shule, mimi naona kidole."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema hivyo. Miaka yote hiyo nilidhani ni ukali tu. Nikalia, na nikiwa nalia nikamsikia Twaiba akisema kwa sauti ya juu:

"Mjomba, wewe unasema sana. Na makuti yako yote yanavuja."

Kumwambia fundi wa makuti kwamba makuti yake yanavuja, tena mjomba, tena katika kikao! Bora umtukane mke wake. "Twaiba!" nikafoka, nikainuka, mkono tayari umeshapanda. Twaiba akacheka. Akacheka kicheko kisicho chake, mdomo umepinda upande, na nikaona jasho limemtiririka usoni hadi kwenye kola, siku yenyewe ya baridi ya mwezi wa saba.

Twahir alikuwa amekwisha simama. "Huo si utovu wa adabu," akasema. "Sukari imeshuka. Dawa ya asubuhi inafanya kazi na tumbo halina kitu. Leteni sukari! Upesi!"

Sukari. Nilikimbia jikoni nikafungua kopo, tupu. La pili, tupu. Nililiosha mwenyewe. Twahir akarukia mfuko wake wa kazi, ule wa panga na kamba, akaupindua chini. "Glukosi yangu iko wapi? Niliiweka humu!"

Hapo nilitaka ardhi ipasuke. Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nikitafuta nguo za kufua, nikakuta kwenye mfuko ule pakiti ya unga mweupe, nikaonja, tamu. Nikajisemea, mume wangu huyu anakula utamu kwa siri wakati sisi tunateseka. Nikaumwaga shimoni. Sikumuuliza hata neno.

"Nimeitupa," nikasema.

Hakunigombeza. Natamani angenigombeza. "Kwa Dama!" akasema. Nikakimbia kwa Dama, kufuli mlangoni, amekwenda arusini Kikoneni. Duka la karibu ni mwendo wa dakika kumi, na mwenye duka nilikuwa nimemwapisha asimuuzie mtu wa nyumba yangu kitu kitamu. Niliporudi uani Twaiba alikuwa ameegemea nguzo, macho yanazunguka, na Twahir alikuwa juu ya mnazi wetu. Alikuwa amepanda bila kamba, na kikoi chake kizuri cha vikao. "Nakuja na dafu!" akapaza sauti. "Msimwache alale! Mzungumzisheni!"

Ndipo kaka yangu Jaafar, aliyekuwa bado ameketi mkekani kama aliyegandishwa, akaingiza mkono ndani ya mfuko wa kanzu. Akautoa polepole. Kiganjani mwake palikuwa na karatasi iliyoloa samli, na ndani ya karatasi palikuwa na halwa. Nyekundu, laini, iliyobaki nusu, na alama za meno yake mwenyewe.

Nikamtazama. Nikatazama makuti ya jiko langu, ambayo kwa kukaguliwa kote kule yalipaswa kuwa bora kuliko ya hoteli yoyote Diani.

"Dada," akasema, "usiniulize sasa."

Akapiga magoti mbele ya Twaiba, akamega kipande, akamtia mdomoni. "Tafuna, mwanangu. Tafuna. Makuti yangu yanavuja, kweli, yote yanavuja, wewe tafuna tu." Akamega kingine. Madafu mawili yakaanguka puu nyuma yetu, na Twahir akashuka akiwa amechunika kifua, akafyeka dafu kwa panga, akamnywesha. Tukabaki hivyo watatu, tumemzunguka mtoto mmoja.

Ilichukua muda mrefu kuliko hotuba yote ya kaka yangu, ingawa saa ilisema ni robo saa. Kisha jasho likakauka. Twaiba akapepesa macho, akalamba midomo.

"Mjomba," akasema, "hii ni halwa?"

"Nyamaza. Tafuna."

"Umeipata wapi?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikagundua kwamba ninalia, kisha nikacheka tena. Jaafar alifunika uso kwa viganja vyenye samli. Akakiri kila kitu pale pale. Tangu siku aliyoifukuza sukari kwetu, aliapa naye hatagusa, kwa ajili ya mtoto. Aliweza siku mbili. Tangu hapo hakanyagi Bongwe bila halwa ya akiba, na huila nyuma ya jiko langu kwa sababu hapo hakuna anayemwona isipokuwa kuku.

Nikapakua pilau bila dua. Tulipokuwa tunakula, na Twaiba amekwisha maliza sahani ya kwanza, Twahir akaweka tonge lake chini.

"Shemeji," akasema, "nimekaa katika ukoo huu miaka kumi na sita na sijakupinga. Umempenda binti yangu na mimi nakushuhudia mbele ya Mungu. Lakini leo hapa palikuwa na watu wazima watatu wanaompenda, na hatukuwa na kijiko kimoja cha sukari. Darasani kwake kuna pakiti mbili na wasichana arobaini wanaojua. Sasa niambie wewe, ni wapi penye usalama?"

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wanasema wahenga, na mimi nilikuwa nimeolewa na kimya hicho bila kujua.

Jaafar alitafuna, akameza, akatafuna tena ingawa mdomoni hapakuwa na kitu. "Na kidole?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mama yenu hakuwa na daftari," Twahir akasema. "Huyu analo." Akalileta, akaliweka mbele yake. Kaka yangu akafungua ukurasa baada ya ukurasa wa zile tarakimu kubwa, tarehe, saa, asubuhi na jioni, hakuna siku iliyorukwa. Alizisoma zote. Nilimwona akifuta jicho, akisingizia pilipili ya kachumbari.

"Jumatatu nitampeleka shule mwenyewe," akasema.

"Hapana, shemeji," Twahir akasema. "Tutampeleka."

Jumatatu tukafuatana wanne. Nilikuwa nimeamka saa kumi nikakanda mahamri, ya kwanza tangu mwezi wa sita, na nyumba nzima ilinukia iliki. Twaiba alitangulia mbele na begi lake, hata hakutazama baraza. Kaka yangu alikuwa amenunua glukosi pakiti sita. Moja akampa Twaiba, moja akanipa mimi, moja Twahir, na zilizobaki akasema ni za shule, iwapo za mwalimu zitaingiwa na mchwa. Nimeshasema: akikupenda, jiandae.

Ofisini tukapewa fomu ya mwanafunzi mwenye ugonjwa wa kudumu. Karani akaeleza kwamba pale juu paandikwe jina la mtu wa kwanza kupigiwa simu mtoto akizidiwa. Jaafar, kwa mazoea, alikwisha toa kalamu yake mfukoni na kuinama juu ya meza. Fomu zote za Twaiba tangu darasa la kwanza zimejazwa na mjomba. Kalamu ikagusa karatasi, ikasimama. Akainuka, akamgeukia mume wangu, akampa kalamu.

"Andika wewe, shemeji," akasema. "Ni wewe uliyesikiliza."

Twahir akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Akafika kwenye namba ya simu, akakwama. Akapapasa mfuko mmoja, akapapasa wa pili. Alikuwa ameiacha simu nyumbani, na namba yake mwenyewe haijui. Tulicheka wote, hata karani. Nami nikaanza kuitafuta kwenye simu yangu.

Twaiba akaitaja. Tarakimu zote kumi, bila kusita hata mahali pamoja. Babake akaandika moja baada ya nyingine.

"Umeishika lini hii?" Jaafar akamuuliza, akishangaa. "Siku hizi hakuna anayeshika namba kichwani."

"Hospitalini, Mjomba," akasema. "Usiku wa kwanza. Niliikariri mpaka nikalala."

Kengele ikalia. Mwalimu Mwinga akachungulia mlangoni na kusema karatasi za fizikia zinagawiwa. Twaiba akapekua begi lake, akapekua tena, akaona amesahau kalamu. Akaichukua ile iliyokuwa mkononi mwa babake, akatuambia turudi nyumbani tusikae hapo tukimtia aibu, akakimbilia kwenye mtihani.